Nyumbu Aliyekataa Kungoja Vumbi

Hadithi iko mlangoni!

— Ikaribie!

Imekuja na vumbi miguuni!

— Ipanguse, iingie!

Haya, imeingia. Lakini kabla sijaanza, wewe uliyeegemea mgongo wa mwenzako, hebu rudi nyuma kidogo. Nafasi ipo tele. Na wewe hapo, acha kumpumulia dada yako kisogoni. Hadithi itamfikia kila mtu, haitaisha kabla haijafika kwako. Vizuri. Sasa tunaweza kwenda.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakisema na mawe yakisikia, kulikuwa na njia moja kubwa. Njia hiyo ilitoka Nyika ya Vumbi ikaenda mpaka Ziwa la Matete. Ilianza pana, hata tembo wawili wangepita bega kwa bega. Kisha ikashuka kwenye mto mkavu uliojaa mchanga. Kisha ikapanda mlima, ikawa nyembamba, nyembamba, ikapita ubavuni mwa genge. Huku ukuta wa mwamba, huku shimo. Hapo walipita mmoja mmoja, na aliyekwisha kuingia hakuweza kugeuka.

Kwa sababu ya genge hilo, wanyama walikuwa na mila yao. Mila hiyo iliitwa kungoja vumbi. Mwenzako akitangulia, miguu yake inatimua vumbi. Wewe unasubiri. Vumbi lake likishatua chini, ndipo unaweka mguu pale alipopita. Halijatua, hujaenda. Hivyo tu. Hata watoto waliijua mila hiyo kabla hawajajua kutafuna majani.

Mtaniuliza, mbona walingoja? Walingoja kwa sababu ndani ya vumbi huoni. Na usipoona, hujui kama aliye mbele yako anakwenda au amesimama.

Basi mwaka mmoja jua likawaka. Mvua ya vuli haikuja. Ya masika ikanguruma mbali, ikaenda kunyesha kwa wengine. Majani yakakauka, visima vikakauka, hata tope likakauka. Wanyama wakatazamana, wakasema, "Twendeni ziwani."

Miongoni mwao alikuwamo Bi Nungunungu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, jina lake Kimiba. Kimiba alizaliwa kiangazi kile kile, na miiba yake ilikuwa bado laini, ukiigusa inalala. Maziwa ya mama yake yalikuwa yanakwisha. Jana Kimiba alinyonya, akaacha, akalia. Leo alinyonya, akaacha, na hakulia tena.

Hilo la kutolia ndilo lililomtisha mama. Akajua kwamba wasipofika ziwani kabla jua halijazama, atarudi nyumbani peke yake.

Wakaondoka asubuhi na mapema. Miguu ya nungunungu ni mifupi, nyote mnajua. Hawezi kushindana na mtu kwa mbio. Lakini Bi Nungunungu alikuwa na mwendo wake mmoja, hauongezeki, haupungui, na alikuwa na wimbo wa kumtia mtoto moyo:

Twende Kimiba, twende,
vumbi litue, twende,
mguu mmoja, twende,
na wa pili nyuma yake.

Mbele yake alikuwa Mjomba Twiga. Twiga alipiga hatua, vumbi likapanda, likatua. Bi Nungunungu akapita. Twiga akapiga nyingine, vumbi likapanda, likatua. Bi Nungunungu akapita.

Mara akasikia nyuma yake: fuu! fuu! fuu! Pumzi ya moto ikampiga mgongoni. Kugeuka hivi, ni Nyumbu. Pua ya Nyumbu ilikuwa imesogea karibu na miiba yake mpaka ungeshindwa kupitisha jani katikati.

Huyu Nyumbu alikuwa na pembe nzuri na ndevu ndefu, na alijijua. Kichwani mwake kulikuwa na wazo moja. Aliamini kwamba ukimbana aliye mbele yako, yeye ataongeza mwendo. Nani alimfundisha? Hakuna aliyemfundisha. Aliamka nalo tu siku moja, akaliona zuri, akakaa nalo.

"Songa, mama, songa!" alisema Nyumbu. "Fuu! Unatuchelewesha!"

"Baba," alisema Bi Nungunungu kwa upole, "ngoja vumbi langu litue. Nina mtoto hapa."

"Kila mtu ana mtoto! Songa!"

"Njia hapa ni pana, baba. Kama una haraka, pita pembeni."

Unajua, Nyumbu hakuwa amefikiria kupita pembeni. Alikuwa amefikiria kubana tu. Bi Nungunungu akamvuta Kimiba kando, akampisha. Nyumbu akapita mbio, fuu, fuu, fuu, akawatimulia vumbi mama na mtoto mpaka wakapiga chafya. Hakusema hata ahsante.

Alikwenda wapi? Alikwenda kubandika pua yake kwenye mkia wa Twiga.

Twiga alitembea, Nyumbu akabana. Twiga akaona mgunga wenye majani mawili matatu ya kijani, akasimama ayachume. Nyumbu hakuona, maana alikuwa ndani ya vumbi. Akampiga Twiga kichwa kwenye paja. Na nyuma ya Nyumbu alikuwa Punda Milia, ambaye alimwona Nyumbu akibana, akasema moyoni, huyu lazima anajua kitu, akabana naye. Basi Punda Milia akampiga Nyumbu kichwa.

"Mbona unasimama?" alipiga kelele Nyumbu.

"Mbona wewe unasimama?" alipiga kelele Punda Milia.

"Nakula," alisema Twiga huko juu, akiendelea kutafuna.

Wakasimama pale wanagombana, huyu anamlaumu yule, yule anamlaumu huyu. Wakiwa wanagombana hivyo, Bi Nungunungu akatokea polepole na mtoto wake, akapita pembeni, "Mguu mmoja, twende, na wa pili nyuma yake," akaenda zake. Twiga naye akamaliza majani, na kwa miguu yake ile mirefu akampita Bi Nungunungu, akamwachia nafasi nzuri.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Wakafika mto mkavu. Jua lilikuwa juu ya vichwa. Kimiba akakaa chini mchangani.

"Mama, nimechoka."

"Najua, mwanangu. Inuka."

"Ziwa liko wapi?"

"Liko mbele."

"Linatungoja?"

"Linatungoja. Inuka, Kimiba."

Kimiba akainuka. Mama yake akageuza uso ili mtoto asimwone, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Fuu! fuu! fuu! Nyumbu huyo tena. Safari hii hakuwa na Punda Milia peke yake. Nyuma ya Punda Milia alikuwa Pofu wa pembe zilizosokotwa, na nyuma ya Pofu alikuwa Swala, wote wamebanana pua na mkia. Swala alikuwa anambana Pofu kwa sababu Pofu alikuwa anambana Punda Milia. Ukimuuliza yeyote kati yao unakwenda wapi hivyo, angekuonyesha mkia wa mwenzake.

"Baba," alisema Bi Nungunungu, "nakuomba mara ya pili. Niachie nafasi."

"Nikuachie nafasi?" Nyumbu alicheka. "Nikiacha nafasi hapa, mwingine ataingia!"

"Akiingia utapungukiwa na nini?"

"Atakuwa mbele yangu!"

"Mimi pia niko mbele yako, na hujafa."

Punda Milia akacheka kidogo. Nyumbu hakupenda. Bi Nungunungu akamvuta Kimiba kando mara ya pili, akawapisha wote. Wakapita wakiwatimulia mchanga, wakashuka mtoni.

Sasa sikilizeni kilichotokea mtoni. Kwenye mteremko, Nyumbu alipunguza mwendo kidogo, kidogo tu, asiteleze. Kwa kuwa Punda Milia alikuwa amembana, ilimbidi apunguze zaidi. Pofu akapunguza zaidi ya Punda Milia. Swala akasimama kabisa. Na nyuma ya Swala walikuwa wamekusanyika wengine, ngiri na mbuni na kuro, nao wakasimama mpaka juu ya ukingo, wakiulizana, "Kuna nini mbele? Nani amekufa?" Hakuna aliyekufa. Nyumbu alipunguza mwendo kidogo, basi.

Walipokwisha kusimama, mchanga ukawameza miguu. Kuanza tena ikawa kazi. Huyu anajikwamua, yule anamkanyaga. Bi Nungunungu akavuka upande wa chini, kwa mwendo wake ule ule. Hakukimbia wala hakusimama. Alipopanda ukingo wa pili, wale bado walikuwa mchangani wanatukanana.

Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Ikabaki genge.

Penye mlango wa genge alisimama Mzee Kifaru. Kifaru haoni mbali, lakini pua yake ni nyingine. Akinusa hewa anajua kama vumbi limetua au bado. Kwa hiyo wanyama walimpa kazi ya kuruhusu watu waingie. Maneno yake yalikuwa mawili tu: "Ngoja," na "Ingia."

Twiga alikuwa amekwisha kuingia. Bi Nungunungu akafika na mtoto wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Naona una mtoto. Mbona simsikii sauti?"

"Hana nguvu ya kulia, babu. Nawahi ziwa kabla jua halijazama."

Mzee Kifaru akanusa, akanusa, akanusa. Angeweza kumwonea huruma akamwambia ingia tu. Hakufanya hivyo. Alingoja mpaka chembe ya mwisho ya vumbi la Twiga ikakaa chini, ndipo akasema, "Sasa ingia. Na huko ndani mwachie Twiga nafasi yake."

"Nitamwachia, babu."

Akaingia. Ukuta wa mwamba huku, shimo huku. Kimiba alitembea mbele ya mama yake, mama akimsukuma taratibu kwa pua.

Nyuma yao Nyumbu na wenzake wakatoka mtoni. Nyumbu akatazama mlango wa genge, akatazama jua, akasema, "Jamani, huyu mzee atatungojesha mmoja mmoja mpaka giza liingie. Mimi nina mpango. Tubanane, pua kwa mkia, pasionekane mwanya. Tuingie kama mnyama mmoja."

"Mnyama gani mrefu hivyo?" aliuliza Punda Milia.

"Chatu," alisema Nyumbu.

Wakabanana. Nyumbu, Punda Milia, Pofu, Swala. Wakaenda mpaka kwa Mzee Kifaru.

"Nani huyo?" aliuliza Kifaru.

"Ni mimi, babu. Chatu."

Kifaru akasogeza pua, akagusa ubavu wa Nyumbu. "Chatu, mbona leo una manyoya?"

"Ni baridi ya mlimani, babu."

Kifaru akatega sikio. "Chatu, mbona nasikia kwato?"

"Nimemeza mbuzi, babu. Miguu yake bado haijalainika tumboni."

Kifaru akanusa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. "Chatu, mbona kila kipande chako kina harufu yake?"

"Mimi ni mrefu, babu. Kila kipande changu kililala mahali pake."

Mzee Kifaru akajikuna shingo kwenye mwamba. Alikuwa ameishi miaka mingi, na hakuwahi kusikia mambo hayo. Lakini chatu mwenyewe kasema, na mzee hakuzoea kudanganywa. Akasema, "Haya, Chatu. Ingia."

Mnacheka. Chekeni. Hata wao walicheka. Waliingia gengeni wanacheka, Swala nusura aanguke kwa kicheko.

Lakini kwato za wanyama wanne waliobanana si kwato za mnyama mmoja. Vumbi lilipanda, likagonga ukuta, likarudi. Halikuwa na pa kwenda. Punda Milia hakuona tena mkia wa Nyumbu, alikuwa anaugusa tu kwa pua. Nyumbu hakuona kitu. Na kwa kuwa hakuona kitu, alifanya kile alichokizoea: akaongeza mwendo.

Huko mbele, Kimiba aliingiza mguu kwenye ufa wa jiwe. Ukakwama.

"Mama!"

"Tulia. Usivute. Tulia nikutoe."

Bi Nungunungu akasimama. Akainama autoe mguu wa mtoto. Ndipo akasikia: fuu! fuu! fuu!

"Simameni!" alipiga kelele. "Nimesimama! Mtoto amekwama! Simameni!"

Nyumbu alisikia. Nataka mjue hilo, maana watu humsema Nyumbu vibaya kuliko alivyokuwa. Alisikia neno mtoto, na alitaka kusimama. Akakaza miguu yote. Lakini Punda Milia alikuwa mgongoni mwake, na Punda Milia alisukumwa na Pofu, na Pofu alisukumwa na Swala aliyekuwa bado anacheka. Nyumbu alikuwa amesimama na bado anakwenda.

Miiba ya Bi Nungunungu ilisimama kwa hofu. Nyumbu akaingia pua nzima.

Alilia kilio ambacho genge lote lilikisikia. Bi Nungunungu akasukumwa mbele, akampiga mtoto wake bila kutaka. Mguu ukachomoka kwenye ufa. Kimiba akabingirika mara moja, mara mbili, akapotea ukingoni.

Mama yake hakupiga kelele. Alitazama chini, akaona vumbi. Akatazama kulia, vumbi. Kushoto, vumbi. Nyuma watu wanapiga kwato, "Nani amesimama? Songa! Songa!" na kila kwato ilipopiga chini, vumbi likaongezeka.

Ndipo sauti ikamtoka, na haikuwa kubwa.

"Msikanyage," alisema. "Mwanangu ameanguka. Sioni alipo. Nawaomba kwa mara ya tatu, tulieni vumbi litue."

Nyumbu alikuwa na miiba puani, machozi yanamtiririka, damu inamdondoka kwenye ndevu. Akageuza kichwa nyuma, akasema, "Mguu wa mtu usiinuke."

"Lakini..." alisema Punda Milia.

"Usiinuke!"

Wakasimama. Swala aliacha kucheka. Pofu alizuia hata pumzi. Wakangoja vumbi, wote kwa pamoja, kwa mara ya kwanza tangu walipoondoka nyumbani. Na vumbi, jamani, likiwa limekuzingira na mtoto wa mtu yuko chini yake, halitui upesi. Linashuka chembe kwa chembe. Bi Nungunungu alisimama ukingoni akaimba, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya:

Twende Kimiba, twende,
vumbi litue, twende...

Chini kukasikika: chya!

Chafya. Chafya ndogo ya mtoto.

Vumbi lilipotua wakamwona. Alikuwa amekaa juu ya jiwe lililojitokeza chini ya ukingo, amekumbatia kichaka cha mkonge mwitu. Jiwe hilo lilikuwa dogo. Chini yake hapakuwa na kitu.

Bi Nungunungu akanyoosha mkono, haukufika. Nyumbu akanyoosha shingo, haikufika. Punda Milia alitaka kujaribu, lakini alikuwa amebanwa mbele na nyuma, hata kugeuza kichwa hakuweza.

"Mjomba Twiga!" aliita mama. "Mjomba!"

Twiga alikuwa mbele. Alisikia. Akatazama nyuma yake, akaona njia iko wazi na vumbi halipo. Akaanza kurudi kinyumenyume, kwato moja, akaipima, kwato nyingine, akaipima. Aliweza kurudi kwa sababu kulikuwa na mahali pa kurudi. Kama Bi Nungunungu angekuwa amembana mkiani, Twiga angesimama kule mbele akisikitika, na sisi leo tungekuwa na hadithi nyingine, na nisingekubali kuwasimulia.

Twiga akafika. Akatandaza miguu ya mbele, akaigeuza shingo ile ndefu kando ya ukingo, ikashuka, ikashuka, ikafika kwenye jiwe.

"Shika pembe zangu, mjomba," alisema.

"Nitakuchoma," alisema Kimiba.

"Miiba yako bado ni ya kunitekenya. Shika."

Kimiba akashika. Twiga akainua shingo polepole, akamweka mtoto miguuni pa mama yake. Mama akamlamba vumbi usoni, akamlamba, akamlamba, mpaka Kimiba akasema, "Mama, kiu."

Wakaenda. Twiga mbele, vumbi likatua, Bi Nungunungu nyuma yake. Punda Milia akasema, "Haya, Nyumbu, songa."

"Bado," alisema Nyumbu kwa sauti ya puani. "Halijatua."

Basi jua lilikuwa limegusa vilele vya matete Kimiba alipotia mdomo ziwani. Akanywa. Akanywa. Akanywa. Kisha akalia kwa sauti kubwa, kilio kizuri cha mtoto mwenye nguvu, na mama yake akakaa chini majini akalia naye. Naye akanywa, na usiku huo maziwa yakarudi.

Nyumbu akafika. Akakimbilia maji, akainamisha kichwa. Miiba ikagonga chini, akaruka. Akajaribu upande wa kulia, akaruka. Akajaribu upande wa kushoto, akaruka. Maji yako mbele yake, yanametameta, na hawezi kuyanywa. Pofu akajaribu kumsaidia kuchomoa, akachomwa, akaondoka.

Nyumbu akaenda kwa Bi Nungunungu. Akasimama mbali. Akangoja mpaka akaitwa.

"Njoo," alisema mama.

"Mama Kimiba, nimekosa."

"Nina hasira na wewe. Nataka uijue hasira yangu."

"Naijua."

"Huijui. Nilimwona mwanangu akipotea. Wewe uliona vumbi tu." Akamwonyesha mahali pa kukaa. "Keti. Nyoosha uso."

Akaketi. Bi Nungunungu akaanza kuchomoa mwiba mmoja mmoja, anashika, anavuta, Nyumbu analia, anashika, anavuta. Na kwa kuvutwa huko, uso wa Nyumbu ukarefuka. Ndiyo maana mpaka leo ukimwona nyumbu, ana uso mrefu, unadhani ametoka msibani.

Mzee Kifaru naye akaja kunywa maji jioni ile. Akapita karibu, akasimama, akanusa. Akanusa tena.

"Pole na pua, Chatu," alisema, akaenda zake.

Nyumbu alitamani ardhi ipasuke.

Ulipobaki mwiba wa mwisho, Bi Nungunungu akaushika lakini hakuuvuta. Akauliza, "Hebu niambie. Tangu asubuhi ulikuwa unawahi nini?"

"Maji," alisema Nyumbu.

"Maji yalikuwa yanakwenda wapi?"

Nyumbu akageuka akatazama ziwa. Lilikuwa pana, limetulia, na wanyama wote walikuwa wanakunywa, aliyetangulia na aliyechelewa, na halikupungua hata kidogo.

Bi Nungunungu akavuta mwiba.

Basi, wasikilizaji wangu, mafunzo ya hadithi hii ni haya. Mtakua. Wengine mtashika usukani, mtaingia barabara ya lami, na mbele yenu kutakuwa na gari la mtu. Msilibane. Msilipigie honi, msilimulike kwa taa mgongoni, msiseme nikiacha nafasi mwingine ataingia. Mwacheni aingie. Hamjui yule wa mbele amembeba nani, wala ameona nini ambacho nyinyi hamjakiona. Nafasi mnayoiacha si upungufu wenu. Mnamwekea mtoto ambaye bado hajaanguka.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye masikio aibebe, mwenye usingizi akalale.